Sura za Kwenye Makasha

Benchi lenyewe lilikuwa mali ya manispaa, lakini kwa miaka kumi na tano hakuna mtu wa Carabanchel, mtaa wa Madrid, aliyethubutu kulikalia asubuhi bila idhini ya wenyewe. Liliegemea ukuta wa baa ya Remedios, hatua chache kutoka ngazi za metro, treni ya chini ya ardhi, mguu mmoja umefungwa waya, ubao wa kati umeng'aa kwa makalio. Upande wa kulia alikaa Fermín, zamani mwenye bucha, kijiwe kikimwita Shoka. Upande wa kushoto alikaa Casimiro, aliyeendesha treni za metro gizani miaka thelathini na sasa alisoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, ndiyo maana akaitwa Profesa. Remedios hakukaa, alisimama mlangoni, kitambaa begani, akileta kahawa ya maziwa kwenye glasi pamoja na maneno makali ambayo hakuna aliyeyaagiza. Katikati palikuwa pa Evaristo Cañizares, mchoraji, Brashi kwa jina la pale. Na asubuhi hiyo ya Juni, mwaka tisini na mbili, pale katikati palikuwa patupu.

Evaristo aliwaona kabla hawajamwona. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, shuka la kitanda kalikunja kwapani, kamba mfukoni, akatamani ardhi immeze arudi zake chini. Alikuwa ametoka na basi la kwanza kwenda kwenye viwanda vya Getafe, kwenye ghala la Tres Faroles, yaani Taa Tatu, kampuni ya michezo ya kompyuta aliyoichorea makasha miaka tisa. Kampuni ilikuwa imekufa tangu baridi. Shuka lilikuwa la kufungia picha.

— Huyo! Fermín akapaza sauti. Brashi! Ziko wapi? Umezisahau kwenye basi?

— Mwache apumue, alisema Remedios. Humwoni uso ulivyosawijika?

Evaristo akaja, akakaa katikati, shuka akaliweka magotini.

— Hazipo, alisema.

— Hazipo vipi?

— Ghala sasa ni la mtu wa majokofu. Mlinzi kanionyesha ukuta zilipokuwa zimeegemezwa. Anasema wiki mbili zilizopita lilikuja lori la taka, wakapakia viti, makaratasi, makasha matupu, na mbao zangu. Zote arobaini na tatu.

Metro ilipita chini, benchi likatetemeka kidogo kama ilivyo kawaida yake.

Picha zile hazikuwa za Evaristo peke yake. Tres Faroles walipoanza, mwaka themanini na tatu, hawakuwa na fungu la kulipa watu wa kupigwa picha, na Evaristo, aliyetoka kwenye uchoraji wa mabango makubwa ya sinema, hakuweza kuchora mtu kutoka kichwani; alihitaji mtu mbele yake. Akachukua kijiwe. Fermín alisimama sebuleni kwake kifua wazi, kajifunga zulia la bafuni la manyoya, na shoka la bucha mkononi, akawa jitu la *Shoka la Kaskazini*. Casimiro alivaa gauni la kulalia la mkewe akawa mchawi wa *Mnara wa Zebaki*. Remedios alipanda juu ya kreti la bia, pazia jekundu limemviringisha, akawa *Bibi wa Nge*, na mumewe hakusema naye siku nne. Ndani ya mchezo wenyewe walikuwa vijidoti: Fermín vidoti kumi na viwili vya kijani, Remedios vinane. Lakini juu ya kasha, dirishani kwa muuza kompyuta wa barabara ya Gran Vía, walikuwa watu wa kutisha.

— Kasha lenyewe ninalo, alisema Fermín polepole. Lakini pale nina ukubwa wa kidole gumba. Na maandishi yamenikata paji la uso.

— Ndivyo ilivyokuwa, alisema Evaristo. Theluthi ya juu ni ya jina la mchezo. Kona ya chini ni ya taa zao tatu. Mgongoni majina ya kompyuta. Nilichora ubao mkubwa kama mlango wa kabati, wakaufinya ukaingia kiganjani.

— Kwenye ubao nilikuwa na mshipa hapa, Fermín akagusa bega. Mshipa huu. Siku hizi siuoni hata nikijikamua.

Remedios aliingia ndani, akarudi na kahawa. Ya Evaristo alikuwa ameitia konyaki bila kuulizwa.

— Sikilizeni, alisema Fermín. Mimi siamini hiyo habari ya taka. Huyo mlinzi kaziuza. Jumapili hii mnakwenda soko la mitumba la Rastro, mtanikuta nimening'inizwa katikati ya sufuria kuukuu na mabirika.

— Nani akununue wewe? alisema Remedios.

— We dada, kuna watu wana ladha!

Casimiro alikunja gazeti. Wote walijua akilikunja mara mbili anataka kusema jambo.

— Rastro ni mawazo madogo, Shoka. Fikiria kwa upana. Nani aliyeua Tres Faroles? Mashine mpya kutoka ng'ambo. Sasa, ukishamuua mtu unafanya nini? Unaficha maiti. Picha hizi zimenunuliwa kimya kimya, zikatiwa kwenye kontena, zikapelekwa Japani. Kule zimefungiwa kwenye chumba cha chuma. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inahusiana nini na kontena?

— Mwenyeji kapona? Hajapona. Basi.

— Profesa, acha kutupiga kamba, alisema Fermín. Japani wanitake mimi wa nini? Ni hapahapa. Si mmeona Sevilla, maonyesho yale, mabanda yamejengwa usiku na mchana? Mbao zimetoka wapi? Nchi nzima hakuna mbao! Nawaambia, kuna waziri sasa hivi anakata utepe, kasimama juu ya tumbo la Remedios.

— Akanyage vizuri, alisema Remedios. Ateleze avunje kiuno.

Wakacheka, Evaristo naye akacheka kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, akauweka chini ya shuka. Ulikuwa ukitetemeka tangu mwaka juzi. Daktari alikuwa na jina la ugonjwa huo. Evaristo alikuwa na jina moja tu, nalo ni basi. Basi, hakuna kuchora tena. Kama zile arobaini na tatu zimekwenda, hakuna arobaini na nne.

— Mnajua mimi nafikiri nini? alisema Remedios, na sasa hakuwa anatania. Waliziona aibu. Walikuja wale vijana wa kampuni wenye suti, wakaona mwanamke wa baa kwenye ukuta wao, wakasema ondoa.

— La, la, la, alisema Casimiro. Nyote mko nje ya uwanja. Nimesoma. Kuna mashine sasa ina taa ndani. Unaweka picha, taa inapita chini yake, hivi, ziii, picha inaingia kwenye kompyuta.

— Hiyo ipo, alisema Evaristo.

— Ipo! Mmesikia? Fundi mwenyewe kasema ipo. Sasa nijibuni: rangi inakwenda wapi? Ile taa inalamba. Ukiitoa picha, ubao ni mweupe, umelambwa kama sahani ya paka. Ndiyo maana wametupa mbao, zilikuwa tupu! Na ndiyo maana michezo ya sasa ina rangi zote zile. Zamani ilikuwa na rangi ngapi? Nane. Sasa mia mbili na kitu. Zimetoka wapi? Ni zetu hizo! Ile nyekundu ya pazia la Reme iko ndani ya mashine ya mtoto wa mtu huko Barcelona, na yeye hajui. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mara ya kwanza methali yake ilielekea kukaa mahali pake. Fermín alitazama mikono yake. Remedios alifuta meza iliyokuwa safi.

Evaristo alikuwa akiwasikiliza, na yeye ndiye aliyejua. Wenzake walikuwa wakimtafuta mwizi kutoka Getafe mpaka Japani, na mwizi alikuwa amekaa katikati yao akinywa kahawa yenye konyaki.

Januari, katibu wa Tres Faroles, binti mpole aitwaye Nieves, alimpigia simu. Mzee Evaristo, alisema, tunafunga, stoo inatakiwa iwe tupu, njoo uchukue picha zako, ni zako. Evaristo alikuwa bado na kidonda. Miezi minane kabla ya hapo alikuwa amepeleka picha yake ya mwisho, mji wa vioo unaoungua, aliyoichora kwa wiki tisa akiushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na wakampokea vizuri, wakampa kiti, kisha kasha likatoka na picha nyingine iliyotengenezwa kwa kompyuta: mpira wa fedha ukielea juu ya vigae. Hakuna aliyempigia simu kumweleza. Aliona dirishani. Kwa hiyo Nieves aliposema njoo, alijibu: tupeni. Wiki iliyofuata akapiga tena: mzee, mimi siwezi kutupa vitu hivi. Akasema: tupeni, binti, ni ubao tu na mafuta. Mara ya tatu simu ililia wakati yuko jikoni anakaanga yai, akajua ni nani, akaiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe.

Akazinduka mwezi wa sita. Hakukuwa na sababu kubwa. Aliamka tu siku moja, akakumbuka jinsi ilivyokuwa nyekundu ya lile pazia, akataka kuiona.

Ndipo mwanamke mmoja kijana alipotokea kwenye ngazi za metro. Alikuwa wa miaka ishirini na miwili hivi, nguo nyeusi, viatu vya safari, begi dogo. Alitazama jina la baa, akatazama benchi.

— Samahanini. Namtafuta mzee Evaristo, mchoraji.

— Ndiye huyu hapa katikati, alisema Fermín. Wewe ni nani, mwanangu?

— Naitwa Almudena. Natoka Zaragoza. Mimi ni binti wa Leandro Urbieta.

Wote watatu walisimama. Leandro alikuwa mchomelea vyuma, mtu wa benchi hili hili, kabla hajaumia kiwandani na mkewe kumchukua kwenda kwa ndugu zake Zaragoza. Walikuwa wameandikiana barua mbili, tatu, kisha kimya.

— Hajambo mzee? aliuliza Remedios, na alipokuwa anauliza akaziona tena zile nguo nyeusi. Ah, mwanangu.

— Machi, alisema Almudena. Mapafu.

— Pole. Pole sana. Kaa. Casimiro, sogea, mpe mtu nafasi!

Akakaa mahali pa Casimiro. Kahawa ikaja. Aliishika glasi bila kuinywa.

— Siku za mwisho baba alikuwa akiongea kidogo, alisema. Hata zamani alikuwa akiongea kidogo, mnamjua.

— Leandro? alisema Fermín. Leandro alikuwa redio! Kila asubuhi hapa tulimwomba anyamaze!

Almudena alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu mwingine.

— Nyumbani hakuwa hivyo, alisema. Tangu ile ajali nilipokuwa msichana, alikuwa anakula, anatazama ukuta, analala. Mimi sikumbuki sauti yake ya kucheka. Lakini hospitalini aliniambia: nenda Madrid, kwa Evaristo. Kuna picha yangu nimevaa vazi la mzamiaji. Siku ile nilikuwa mtu. Ndivyo alivyosema. Siku ile nilikuwa mtu. Basi nimekuja niione. Sijaja kuichukua, mzee. Nataka kuiona tu.

— *Pima Arobaini*, alisema Casimiro kwa sauti ndogo. Mwaka themanini na nne.

— Ndio huo, alisema Almudena. Tulikuwa na kasha lake. Lakini maandishi yalikuwa yamepita juu ya uso, na mama alilitupa tulipohama.

Fermín aliliangalia shuka magotini mwa Evaristo, kisha akaangalia barabara.

— Mwanangu, alianza, kuna mlinzi mmoja huko Getafe, mtu asiye na haya…

— Fermín, alisema Evaristo. Nyamaza.

— Namweleza tu kwamba wameiba…

— Hakuna aliyeiba. Walinipigia simu.

— Nani?

— Kampuni. Januari. Waliniambia njoo uchukue picha zako. Mara tatu. Nikawaambia watupe.

Alisema akitazama ubao wa benchi. Kisha akasema tena, kana kwamba mara moja haikutosha:

— Mimi ndiye niliyesema watupe.

Remedios aliteremsha kitambaa begani.

— Na mimi je? alisema. Mimi nilisimama juu ya kreti saa tatu, Evaristo. Mume wangu alikuwa hai. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na kiuno. Hukuweza kuvuka barabara useme, Reme, kuna picha yako inatupwa, unaitaka?

— Sikufikiri.

— Hukufikiri!

— Nilidhani ni zangu.

Casimiro alifungua mdomo. Kwa hakika alikuwa na methali, ilionekana shingoni ikipanda, lakini akaimeza. Fermín alikaa chini kwa uzito, akaanza kulisugua bega lake, pale alipokuwa na mshipa.

Evaristo alisubiri binti wa Leandro amtukane. Angemshukuru. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Lakini Almudena aliweka glasi chini, akafikiri kidogo, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Alikuwa anacheka?

— Nini?

— Kwenye picha. Baba. Alikuwa anacheka, au alikuwa amenuna?

— Alikuwa anacheka, alisema Fermín mara moja. Leandro alikuwa anacheka daima.

— Anacheka wapi? alisema Casimiro. Alikuwa anazama! Kuna pweza nyuma yake. Mtu ana pweza nyuma yake acheke?

— Hajamwona pweza bado, ndiyo utamu wenyewe.

— Alikuwa amefumba mdomo, alisema Remedios. Au… subiri. Alikuwa na ile kofia ya shaba. Sidhani uso ulionekana.

— Ulionekana! Kofia ilikuwa na kioo!

Wote wakamgeukia Evaristo.

Alifumba macho. Ubao ukaja, mzima, kama ulivyoegemea dirisha la sebuleni kwake. Aliiona bluu ya chini, ambayo aliichanganya na kijani kidogo na nyeusi ya mifupa iliyochomwa, akaipiga tabaka tano. Aliona mapovu, kila moja na kitone cheupe upande wa kushoto. Aliona misumari ya kofia, kumi na miwili, na Leandro akimwambia, siyo hivyo, Brashi, fundi wa kweli hufunga hivi, akachukua penseli akamwonyesha. Aliona bomba la hewa likipanda juu mpaka kwenye nafasi tupu aliyowaachia watu wa maandishi. Aliona kioo cha duara, na mwanga uliovunjika juu ya kioo, mwanga aliojisifia wiki nzima.

Akaingia ndani ya kioo. Aliona ukingo wa nyusi. Aliona kivuli cha pua. Akashuka chini zaidi, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi bila taa, akitafuta mdomo.

— Mzee? alisema Almudena.

Mkono ulikuwa umetoka chini ya shuka na unatetemeka mbele ya wote, vidole vimekaa kama vimeshika brashi, vinachora hewani mstari unaopanda, kisha unaoshuka, kisha unaopanda tena.

— Ngoja, alisema. Ngoja kidogo.

Almudena akangoja. Metro ilipita chini, ikapita nyingine. Remedios, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, alikusanya glasi moja moja, akaingia nazo ndani.